Ngurumo ya Chumba Namba 4

Niliinunua spika ya wufa Nairobi, nikaipakata kwenye basi kilomita 360 na ushei hadi Garissa, na njia nzima sikujiuliza itakaa wapi. Chumba changu cha ploti ni futi 10 kwa 10. Humo kuna kitanda, meza ya kusahihishia madaftari, jiko la gesi, sanduku la bati na madumu manne ya maji, kwa kuwa mwenye mkokoteni wa punda hapiti kila siku. Ukitaka kuufungua mlango wote, lazima mtu apande kitandani, nami naishi peke yangu.

Kwanza nikaiweka wufa nyuma ya mlango. Ilikaa vizuri, mimi nikabaki nje. Nikaisukuma chini ya kitanda, godoro likanirusharusha kama niko juu ya lori la Dadaab. Nikaiegemeza kwenye madumu. Wimbo ulipofika pazito, maji ya beseni yakachora miduara, na mahali fulani ukaanza mlio mwembamba, zzzz, kama nzi aliyenaswa chupani. Nikagusa chombo kimoja kimoja kwa kidole, sufuria, kopo la sukari, fremu ya dirisha, kama daktari anayetafuta panapouma. Kumbe ni mfuniko wa chupa ya chai. Nikaukandamiza kwa kitambaa, bati la paa likapokea zamu.

Mwalimu mwenzangu wa fizikia akanipa dawa: weka wufa pale unapokaa wewe, kisha tambaa chumba kizima ukisikiliza, sauti itakaponoga, ndipo mahali pake. Mimi hukaa kitandani. Basi nikailaza kwenye mto, nikapiga magoti. Nafasi ya kutambaa ni upana wa msala mmoja. Nimefika kwenye madumu, shavu sakafuni, mara mjukuu wa jirani akaingia kurudisha kiberiti. Alitutazama sote wawili, akatoka kimya. Nikamsikia ng'ambo ya ukuta: "Ayeyo, mwalimu amempa redio kitanda, yeye analala chini."

Ayeyo ni nyanya kwa Kisomali. Ploti nzima tunamwita hivyo.

Kesho yake mwenzangu akanichorea ubaoni. Kwa joto letu la nyuzi 35, sauti husafiri karibu mita 352 kwa sekunde. Mlio wa mitetemo 58 kwa sekunde una urefu wa mita sita na kitu, na nusu ya wimbi hilo inaenea barabara kati ya kuta zangu mbili. Kwa hiyo sauti hujaa ukutani na kufifia katikati ya chumba. Katikati ndipo kilipo kichwa changu. Nyuma ya ukuta ndipo kilipo cha Ayeyo. Yaani pesa nimetoa mimi, besi anakula jirani.

Hata hivyo nikaiweka kona ya upande wake, maana kona huikuza sauti nzito, na madumu yalikubali kuhamia chini ya meza. Soketi ni moja, nikachomoa feni. Jumamosi moja usiku, mwezi wa Oktoba, nikaweka filamu ya vita. Kelele za askari zilikomea ukutani. Kilichopenya ni mngurumo mtupu. Na Oktoba hapa kila mtu anaisubiri deyr, mvua za vuli.

Nilipotoka kupunga upepo, nikakuta beseni tatu, karai na sufuria ya harusi vimepangwa chini ya ukingo wa bati. Nguo zimeanuliwa, hata zangu. Gunia la makaa limeburutwa ndani. Ayeyo ameketi mlangoni, anaikagua mbingu iliyojaa nyota.

"Mwalimu, umesikia? Inatoka upande wa mto."

Hapo ndipo pa kusema ukweli. "Nimesikia, Ayeyo," nikajibu, nikarudi ndani nikapunguza.

"Imepita," akasema kwa huzuni.

Nikaongeza kidogo tu, nimalizie filamu.

"Imerudi!"

Mjukuu ndiye aliyenichongea. Tangu siku hiyo, nikigusa kitufe tu, bakora ya Ayeyo hugonga ukuta mara tatu.

Wiki tatu baadaye, usiku wa manane, stima ikiwa imepotea tangu magharibi, bakora ikagonga.

"Warya, mwalimu! Punguza!"

"Ayeyo, hii si yangu!"

"Hata ile ulisema umeisikia tu."

Tone la kwanza likapiga bati. Uani kulikuwa na gunia lake la makaa na, kwenye kamba, mashati yangu matano ya kazi.