Heko kwa Maski Isiyovuka Mpaka

Siku hizi kila kitu kinahama. Pesa zinahama kwa simu, wachezaji wanahama dirisha la usajili likifunguliwa, waheshimiwa wanahama chama asubuhi na jioni wanakisifu kile walichokitukana jana. Kimebaki kiumbe kimoja chenye msimamo, nacho ni maski ya picha. Iliyochorwa ndani ya programu ya Lightroom itazeekea ndani ya Lightroom. Ibembeleze iende programu nyingine, Capture One, inagoma. Ifungue picha ileile kwenye darktable: picha itafika, maski itabaki kwao. Wahariri wa picha wanailaani usiku kucha. Mimi nimekuja kuisifu, maana uaminifu wa namna hii ni adimu hata katika ndoa zile inazozipamba.

Asiyeifahamu aelezwe kwa ufupi. Maski ni picha ya kijivu isiyoonekana, iliyolazwa juu ya picha nyingine. Palipo peupe, rekebisho linapita. Palipo peusi, halipiti. Pa kijivu, linapita kwa kiasi. Ndiyo inayomwezesha mhariri kung'arisha uso wa bibi harusi bila kuunguza shela lake jeupe, na kuirudishia bahari ya Bagamoyo ubuluu wake bila bwana harusi naye kugeuka buluu. Maski ya biti 8 ina ngazi 256 tu, kutoka nyeusi hadi nyeupe. Picha ya rangi ina mikondo mitatu ya aina hiyo, na programu zote zinaisoma JPEG au TIFF ya mikondo mitatu bila kunung'unika. Huu mkondo mmoja wa kijivu ndio uliozishinda. Nani kati yetu amewahi kuwa mnyenyekevu kiasi hicho na bado akaogopwa?

Wala si mtoto wa juzi. Kabla ya kompyuta, wachapaji waliikata kwa wembe kwenye plastiki nyekundu iitwayo Rubylith. Nyekundu kwa sababu filamu yao haikuiona rangi hiyo, ikaihesabu kuwa giza. Ule wekundu unaotanda kwenye kioo ukiwasha Quick Mask ya Photoshop ni urithi wa mafundi wale. Katika miaka ya 1970, kwenye New York Institute of Technology, Alvy Ray Smith na Ed Catmull waliijengea chumba ndani ya picha yenyewe: mkondo wa nne, jirani wa nyekundu, kijani na buluu, wakauita alfa. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm wakaiandikia hesabu zake. Ilipofika 1992, toleo la sita la TIFF likakubali alfa za aina mbili, moja ambayo rangi zimekwisha kuzidishwa nayo na nyingine ambayo bado. Hapo raha ikaanza. Programu ikipokea ile ya kwanza ikaidhania ya pili, inazidisha tena, na kila unywele wa bibi harusi unazungushiwa utepe mweusi. Wanja wa kichwa kizima, na saluni haikudai hata senti.

Maski za leo zimesoma zaidi. Nyingi hazitunzwi kama kijivu chenyewe bali kama maelekezo: anzia hapa, fifia pale, pita na brashi ya upana huu. Tangu Oktoba 2021 mtumiaji wa Lightroom anaweza kuagiza tu, "Chagua anga," akili mnemba ikalitafuta. Maelekezo hayo huweza kuandikwa katika faili la XMP linalokaa kando ya picha ghafi. Sasa tazama maajabu. darktable nayo inaandika XMP, nayo inaweka humo maumbo ya maski, kwa fumbo lake la herufi na tarakimu. Na XMP, iliyoanzishwa na Adobe mwaka 2001, ni kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2012. Bahasha, basi, ni moja dunia nzima. Barua ndiyo kila nyumba inaiandika kwa lugha yake ya siri. darktable ikiifungua ya Lightroom inaokota machache, kama nyota za ubora, ukataji na kiasi cha mwangaza. Ikifika kwenye maski inainamisha macho. Wengine wanasema huo ni upungufu. Mimi naona ni malezi mema: ya ndani kwa watu hayachunguliwi.

Wako wabishi wanaoikamua maski ikatoka kama picha ya kijivu, wakaivusha kwa nguvu. Nayo huwajibu. Programu moja inapunguza kingo za picha ghafi kwa pikseli kadhaa, nyingine kwa idadi tofauti. Hii inanyoosha kupinda kwa lenzi kwa hesabu hizi, ile kwa zile. Maski inatua, lakini imesogea kidogo tu, na bwana harusi anapata sikio la ziada linalong'aa. Mteja hakuliomba. Ni zawadi.

Na tuiangalie kiuchumi. Maski isiyohama inamrudisha mhariri kuchora upya kazi aliyokwisha kuimaliza, na mtu mwenye kazi ya kurudia hawezi kulalamika kwamba hana kazi. Inalinda pia ada. Acha kulipia Lightroom Classic: picha zako utaendelea kuziona na kuzitoa, lakini sehemu ya Develop itafungwa, na maski zako zimo humo, zinakusubiri kwa mapenzi yote. Mlinzi gani wa getini anafanya kazi nzuri kama hiyo bila sare wala mshahara?

Ukoo haukosi msaliti, na msaliti wa ukoo huu ni PSD, faili la Photoshop. Chora maski ya leya katika Photoshop, hifadhi PSD, ifungue kwa GIMP, programu ya bure tangu 1996: maski inafika na leya yake, haina hata haya. Wako na watu wabaya zaidi. Hao huchora maski zao nzito kwenye programu inayokubali kuziachia, huitoa picha na maski kwa pamoja, upana na urefu uleule, maski ikiwa TIFF ya kijivu ya biti 16 isiyo na alfa ya kubishaniwa, kisha huibandika ndani ya maski tupu ya leya huko ng'ambo. Nywele zinatoka safi, masikio yanabaki mawili, na wenyewe wanafunga studio saa kumi na moja jioni kama makarani wa benki. Msomaji, usijifunze kwao.