Glavu Nyeupe Zimenifanya Boi

Sikiliza jirani, aliyebuni glavu nyeupe za winta hajawahi kuishi Minneapolis. Ama ameishi, lakini ana dereva. Theluji ya huku ni nyeupe saa zile inaanguka tu. Wanamwaga chumvi barabarani. Baridi ikizidi chumvi inashindwa kuyeyusha barafu, wanaongeza mchanga. Mabasi yanapita juu yake. Jioni barabara nzima ni uji wa rangi ya moshi, na huo uji unamjua mtu mmoja tu mtaani. Mimi.

Na usiniambie ningenunua nyeusi. Nyeusi ziliisha kitambo. Mwezi wa pili dukani zimebaki nyeupe za sufu, nusu bei, na mimi kila kitu mwilini ni cha nusu bei.

Ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri huchagui rangi. Unavaa. Kupangusa kioo cha gari, doa. Kujaza petroli, doa na harufu. Simu ikilia, kidole cha sufu hakisikiki kwa skrini, unavua glavu kwa meno, na ndio umetoka kunywa chai ya maziwa. Doa, na nyuzi kwa ulimi. Halafu kuna kamasi. Mtu akikwambia hapangusi pua na glavu anakudanganya, ni vile tu zake ni nyeusi.

Chumvi peke yake ndiyo haionekani. Asante chumvi. Lakini hata yenyewe ikikauka, ukimpa mtu mkono anashtuka, anafikiri umeshika ganda la mti.

Basi, ni za kufua. Ndani kuna lebo, na lebo haina neno hata moja. Michoro! Beseni lenye mkono ndani. Sawa, mtu anaosha vyombo. Pembetatu imepigwa X. Mimi pembetatu naijua ya barabarani, maana yake mbele kuna gari limekufa. Ikipigwa X basi hakuna gari lililokufa, pita. Nikapita na klorini. Mraba una duara ndani, nao umepigwa X. Huo nikaona ni urembo. Mashine ikafua kwa maji moto, draya ikamalizia.

Zikatoka za manjano, ngumu, saizi ya mtoto wetu wa chekechea. Mtoto akazijaribu, akasema zinawasha. Mama watoto hakusema kitu. Alimpigia dada yake video. Dada mtu akaunganisha wengine. Nimesimama jikoni, glavu mkononi, naangaliwa na ukoo kuanzia Minnesota mpaka Kisii, na kuna shangazi hakuona vizuri, akaomba nizisogeze karibu na kamera.

Shemeji ndiye msomi wa nguo. "Shemeji, sufu ni nywele za kondoo. Klorini inakula nywele. Kwani kichwa chako hakijakufundisha?" Sasa kichwa changu kimeingiaje hapo? Eti ile pembetatu ilikuwa inakataza klorini, na ule urembo unakataza draya. Si wangeandika?

Jozi ya pili (nyeupe tena, nimeshakwambia habari ya bei) ikaja na masharti. Maji ya uvuguvugu tu, kwa sababu sufu ikipata moto na kusuguliwa inashikana na hairudi tena. Shampuu ya mtoto, tone. Vaa glavu zote mbili, kisha nawa mikono. Suuza mpaka povu liishe. Usikamue! Zikunje ndani ya taulo kavu, kandamiza. Halafu zilaze juu ya taulo jingine, mbali na hita, unyooshe kidole kimoja kimoja. Kwa kamba hapana, zitavutika. Mimi mwenyewe sijawahi kulazwa hivyo katika nyumba hii.

Na hazikauki! Kesho yake vidole bado vina maji. Sasa naenda kazini na nini? Mikono mfukoni, juu ya barafu. Mtu akiteleza mikono iko mfukoni hadaki kitu, anatua na kidevu. Niulize mimi. Na hiyo mikono yenyewe imepasuka kwa kufua. Nilinunua kitu cha kulinda mikono, sasa mikono ndiyo inakilinda.

Siku zimetakata kabisa, nikaenda nazo kanisani. Nikajiona. Mzee mmoja akaziona pia. "Aah, mhudumu mpya! Karibu, ndugu." Kabla sijajibu nimeshavishwa kizibao, niko nje naelekeza magari kwa pakingi. Theluji imeanguka usiku kucha, kote kweupe. Napunga mikono, gari linapita. Napunga zaidi, linapita. Mwishowe dereva mmoja akashusha kioo.

"Ndugu, mbona umesimama katikati ya njia na huonyeshi mkono?"