Benki Haipimwi kwa Msimu Mmoja

Mfyuuu! Siku hizi ukikaa kijiweni Bombambili, hapa kwetu Ruvuma, ukaondoka bila kusikia neno “hisa”, jua ulikaa peke yako. Zamani ubishi wetu ulikuwa Simba na Yanga, bei ya mahindi, na nani kapata mbolea ya ruzuku na nani karukwa. Sasa hivi dogo wa bodaboda anazima pikipiki, anachomoa simu mfukoni, anatangaza kama mpiga debe wa stendi: “Wazee, CRDB ilikuwa inauzwa bure na bado watu wamelala! Kufunga mwaka 2024 bei ilikuwa shilingi 670 hivi, faida kwa kila hisa 211. Gawanyeni wenyewe. Mara tatu na ushee! Miaka mitatu tu hela yako imerudi yote!”

Kahawa ilitaka kunipalia.

Tumtendee haki dogo, kikokotoo chake hakina kosa. Mwaka 2024 benki ya CRDB ilipata faida ya karibu shilingi bilioni 551 baada ya kodi, na hisa zake ni bilioni 2.6 na chenji. Gawanya, 211 hiyo hapo. Lakini hiyo ya “hela yako imerudi” nani kamwambia? Gawio la mwaka huo lilikuwa shilingi 65 kwa hisa. Zilizobaki zilibaki benki kukuza mtaji. Ni zako kwa maandishi, ila hununulii vitumbua.

Kinachonisonyesha zaidi ni mwaka aliouchagua. Katika miaka yote tangu CRDB iorodheshwe Soko la Hisa la Dar es Salaam, Juni 2009, kachukua ule ulionona kuliko yote iliyotangulia, akaufanya ndiyo desturi ya benki.

Sisi watu wa Ruvuma tulipaswa kuwa wa mwisho kudanganyika hivyo. Nani hapa ananunua shamba la mahindi Namtumbo au Madaba kwa kuonyeshwa mavuno ya mwaka mmoja ambao mvua ilikubali, mbolea ikafika mapema na NFRA, wakala wa chakula wa serikali, wakanunua kwa bei nzuri? Muuzaji akikupigia hesabu ya mwaka huo, utamuuliza kwa upole: na 2017, serikali ilipozuia mahindi kuvuka mpaka, gunia uliliuza shilingi ngapi? Ukishasikia ya misimu kumi, mibaya kwa mizuri, ndipo unataja bei yako.

Mwalimu mstaafu, ambaye huwa haongei mpaka kikombe cha pili, akasema hilo wazungu wa hisa walishaliandika zamani. Benjamin Graham na David Dodd, mwaka 1934, Marekani ikiwa bado inauguza majeraha ya anguko la 1929, walishauri kwamba faida ya kampuni itazamwe kwa wastani wa miaka mingi, mitano, saba, hata kumi. Mwaka 1988 John Campbell na Robert Shiller wakaongeza jambo moja: kabla ya kutafuta wastani, faida ya kila mwaka igeuzwe kwanza iwe shilingi za leo, yaani ivuliwe mfumuko wa bei. Halafu bei ya hisa igawanywe kwa wastani huo. Shiller alikuja kupewa Nobel ya uchumi mwaka 2013.

“Mwalimu, hayo ni ya Marekani,” dogo akadakia.

Haya, mdogo wangu, tuyalete nyumbani. Chukua faida za CRDB kuanzia 2015 hadi 2024. Kila moja ipandishe kwa mfumuko wa bei unaotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Mwaka 2017, kwa mfano, faida ilidondoka hadi karibu bilioni 36, ambazo kwa shilingi za 2024 ni kama bilioni 46. Mwaka 2023 ilikuwa imepita bilioni 420. Jumlisha yote kumi, gawanya kwa kumi, gawanya tena kwa idadi ya hisa. Mimi nimepata kama shilingi 90 kwa hisa. Sasa chukua ile 670 ugawanye kwa 90. Inatoka mara saba na kidogo. Dogo alituambia tatu!

Sijasema mara saba ni ghali. Kwenye masoko makubwa duniani benki nyingi zinauzwa zaidi ya hapo. Ninachosema ni kwamba katika ile 211 anayoimba, shilingi 90 ndizo zilizothibitishwa na miaka kumi ya jua na mvua. Hizo 121 zinategemea miaka ijayo iwe minono kama 2024. Inawezekana ikawa. Ila mnunuzi ajue kwamba zaidi ya nusu ya faida anayoilipia ni matumaini.

Mbona mfumuko unahesabiwa? Kuna jirani yetu mmoja anajisifu kwamba hajawahi kupata hasara kwenye hisa. Mwaka 2015 CRDB iliwauzia wanahisa wake hisa za nyongeza kwa shilingi 350. Ulikuwa mwaka wa faida kubwa, kila mtu anacheka. Ilipofika mwisho wa 2019 bei ilikuwa imeporomoka hadi karibu na shilingi 100. Mwaka 2022 ikapanda ikavuka 350 tena, na jirani akatangaza: “Hela yangu imerudi!”

Aka! Imerudi wapi? Mfumuko wetu wa miaka hiyo tunauita mdogo, asilimia tatu hadi tano na kidogo kwa mwaka, lakini ulikuwa unatafuna kila mwaka. Kilichonunuliwa kwa 350 mwaka 2015 kilihitaji kama 460 mwaka 2022. Ukitoa magawio madogo ya katikati (mwaka 2017 lilikuwa shilingi tano kwa hisa!), jirani alikuwa bado yuko shimoni, ila shimo lilikuwa limepakwa rangi. Na hapo hatujagusa Desemba 2011, mfumuko ulipokaribia asilimia 20. Ukichanganya faida ya mwaka ule na ya leo bila kuzigeuza, umejumlisha vitu ambavyo havijumlishiki.

Tuje kwenye benki yenyewe, maana hapa ndipo kipimo cha miaka mirefu kinapopata kazi. Kiwanda cha saruji kinajua kimeuza mifuko mingapi. Benki inatangaza faida wakati mikopo mingi bado iko mikononi mwa watu. Mama wa vitumbua akacheka: “Sisi kwenye VICOBA hatugawani mpaka mikopo yote irudi.” Umeona, mama? Benki haiwezi kusubiri hivyo. Kila robo mwaka inakadiria mikopo mingapi haitarudi, inatenga fedha za kufidia, inayobaki inaitwa faida. Katika mwaka mzuri wanaoshindwa kulipa ni wachache, kinachotengwa ni kidogo, faida inavimba. Mwaka mbaya ukija, inagundulika kwamba sehemu ya faida ya miaka ile ilikuwa mikopo ambayo haijaoza bado.

Ndivyo ilivyotokea 2016 na 2017. Serikali ilihamisha fedha za taasisi zake kutoka benki za biashara kwenda Benki Kuu, amana za bei rahisi zikakauka. Biashara zikabana, wateja wakashindwa kurejesha. Mikopo chechefu, yaani isiyorejeshwa kwa wakati, katika sekta nzima ikapita asilimia 10, wakati Benki Kuu inataka isizidi tano. Faida ya CRDB ikabaki kipande cha ile ya 2015. Benki ya NMB nayo ilipungukiwa, ingawa haikuanguka kwa kishindo kile. Kufikia 2024 mikopo chechefu ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia tatu. Kwa hiyo faida tunayoishangilia imepatikana wakati karibu kila mtu analipa. Ndiyo maana benki ukiitazama kwa mwaka mmoja inakudanganya pande zote mbili.

Pande zote mbili, ndiyo. Turudi mwisho wa 2017. Bei ilikuwa kwenye 160, faida kwa hisa kama 14. Kwa hesabu ya dogo, benki ilikuwa inauzwa zaidi ya mara kumi na moja, ghali kuliko mwaka 2024! Wastani mrefu ungekuonyesha karibu nusu ya hapo. Yaani kipimo cha mwaka mmoja kilisema “kimbia” karibu na sakafu, na miaka saba baadaye faida ilipokuwa juu kileleni kikasema “jaza kapu”.

Dogo akachangamka. “Kwa hiyo mzee, 2017 ningetumia wastani wako ningekuwa tajiri!” Taratibu. Ungenunua kwa 160, na miaka miwili baadaye ungeiona karibu na 100, mkeo anakuuliza zile za ada ziko wapi. Kipimo hiki hakina kalenda. Kinakuambia bei imekaa wapi kwenye historia ndefu, hakikuambii Jumatatu itafanyaje.

Na kwenye soko letu hata bei yenyewe uiulize umri. Kuna kipindi hisa ya NMB ilikaa kwenye 2,340 muda mrefu kama imepigwa misumari, kwa sababu hazikuwapo hisa za kutosha zinazouzwa na kununuliwa. Ukigawanya bei iliyolala kwa faida ya mwaka mmoja, jibu lako nalo limelala.

Kisha kuna marehemu. Hapa watu wa Ruvuma mnyamaze kidogo mnisikilize. Mei 2017 Benki Kuu iliifutia leseni Benki ya Wananchi Mbinga, hapo hapo kwa wakulima wetu wa kahawa. Januari 2018 zikafuata tano kwa mkupuo mmoja: Njombe, Meru, Efatha, Covenant na ile ya wakulima wa Kagera. Nyingi zilikosa mtaji wa kutosha. Benki ya namna hiyo haina wastani wa kukuonyesha, imeondoka na vitabu vyake. Sisi tunapiga hesabu tamu za miaka kumi kwa CRDB na NMB kwa sababu zenyewe zilipona. Bima ya amana humlinda aliyeweka akiba, kwa kiwango kilichowekwa. Mwenye hisa yuko mwisho wa foleni, na mara nyingi foleni inaisha kabla hajafika dirishani.

Wala usidhani ukubwa ni kinga. Citigroup ya Marekani ilipata faida ya dola bilioni 21 na nusu mwaka 2006. Mwaka 2008 ikapata hasara ya dola bilioni 27 na ushee. Ukichukua wastani wa miaka yake ya nyuma, hisa ilionekana inaokotwa. Lakini ili isife, ilimwaga hisa mpya kwa mabilioni, na mwaka 2011 ikalazimika kuunganisha kila hisa kumi kuwa moja. Faida za zamani zilipatikana kwa watu wachache, sasa zinagawanywa kwa umati. Ndiyo maana mimi nimegawanya kwa idadi ya hisa za leo, zikiwemo zile za 2015.

Dogo hakukata tamaa, na hoja yake ya mwisho ilikuwa nzuri kuliko zote. “Mzee, hii si benki ya 2015. Ina kampuni tanzu Burundi tangu 2012, Congo tangu 2023, mawakala kila kona, watu wanahamisha hela kwenye simu. Utaipimaje kwa faida za utotoni?”

Hapo sikusonya. Ni kweli wastani wa miaka kumi unaionea kampuni inayokua, maana unaivuta nyuma kwa miaka iliyokuwa ndogo. Ndiyo maana ile 90 siichukui kama bei ya haki. Kama kweli benki imebadilika, ithibitishe siku mikopo chechefu itakaporudi kupanda. Ikipita kwenye mwaka kama 2017 na faida ikabaki hata 150 kwa hisa, mimi mwenyewe nitanyanyua mikono. Mpaka siku hiyo, mtu anayelipia 211 nzima anaikopesha benki imani.

“Basi ninunue au nisinunue?”

Sikuambii, mdogo wangu, hela ni yako, jasho la bodaboda. Ila kabla hujabonyeza simu, nitafutie mambo matatu kwenye taarifa za benki za kila mwaka, ambazo ni za umma. Wastani wa faida kwa hisa wa miaka kumi ukishavuliwa mfumuko. Faida ya mwaka mbaya kuliko yote katika hiyo kumi, na kilichoiangusha. Na mikopo chechefu ya leo ikilinganishwa na ya mwaka ule. Ukinijia na hayo, hata ukinunua kwa bei ya juu kuliko ile 670, nitakuagizia kahawa. Ukirudi tena na ile “mara tatu na ushee”, kahawa ya kijiwe kizima unalipa wewe, na ya Mwalimu ni vikombe viwili.