Upande Wangu Umelala

Ugonjwa huu niliambukizwa na jirani, Jumapili asubuhi, mswaki ukiwa mdomoni mwake. "Mzee, gari lako limelala upande," alisema. Akatema povu, akaingia ndani kwake kunywa chai, akaniacha barazani na bukta yangu na kilio changu.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux Surf, toleo lile lililoanza 1989 na kukoma 1995. Nilirudi nyuma hatua kumi, nikachuchumaa, nikafumba jicho moja kama seremala. Kweli. Mbele kulia, upande wa dereva, limezama.

"Si ndipo unapokaa wewe," alisema mke wangu, bila kuinua macho kwenye ungo wa mchele.

Jumatatu nikawa gereji, chini ya mwarobaini. Fundi alilizunguka gari, akatikisa kichwa, akaguna kama aliyefika msibani. "Nani alikuwa analitengeneza hili gari?"

"Wewe."

"Ahaa," akasema, akaomba spana.

Sasa, kuna jambo ambalo afadhali nisingeonyeshwa. Mbele gari hili halina springi za duara. Lina fimbo mbili ndefu za chuma zilizolala chini ya fremu, moja kila upande. Ncha moja imeshikana na mkono wa tairi, nyingine imebanwa na boliti. Tairi likipanda, fimbo inajisokota kama shuka linalokamuliwa, kisha inataka kujirudi, na huko kutaka kujirudi ndiko kunakobeba gari. Ukikaza boliti pua inapanda, ukilegeza inashuka. Hakuna kununua kitu. Kumwonyesha mwenye gari boliti hiyo ni sawa na kumwonyesha mtoto mahali sukari inapofichwa.

Fundi akapima kwa tepu kutoka chini hadi ukingo wa bodi juu ya tairi. Kulia pungufu sentimita 2. Akapiga jeki ili boliti ipumue, akakaza, akashusha. Kulia kukapanda vizuri, nami nikafurahi kwa muda wa kama dakika tano, hadi tulipoona kwamba kushoto sasa kumelala. Hapana, si kwa tepu, kwa macho tu, lakini macho ya fundi hayabishiwi. Akakaza kushoto. Halafu nyuma ikawa imekaa kama mbwa anayesubiri mfupa. Nyuma kuna springi za duara, hazina boliti, dawa yake ni mfukoni. Nikanunua. Zikaja ndefu kuliko tulivyotarajia, makalio yakapaa, na pua ikaonekana inanusa lami. "Tukaze mbele kidogo, bosi," akasema fundi. Niliwahi kusikia habari za mtu aliyekata miguu ya meza ili isawazike, hata akabaki na sinia. Sisi tulikuwa tunaelekea juu.

Wiki hiyo mama mkwe alikuja. Alilitazama gari, akatazama khanga zake, akanitazama mimi. "Baba, mimi nitapanda daladala." Usiku nao kila aliyekutana nami alinipigia full, maana pua ikipanda na taa zinapanda. Konda mmoja alitoa kichwa dirishani: "Mzee, unawamulika kunguru?"

Kubwa zaidi lilikuwa matuta. Nilidhani kukaza boliti ni kuikomaza fimbo, kumbe fimbo ni ile ile, hailegei wala haikomai. Kilichobadilika ni mahali inapoanzia. Tairi sasa linaning'inia karibu na mwisho wake, halina tena nafasi ya kushuka, kwa hiyo tukiteremka tuta linagonga kizuizi: kang'! Tuta tunalipanda kistaarabu, tunalishuka kama sufuria. Usukani nao ukaanza kuvutia pembeni, kwa kuwa ukigusa urefu umegusa na mwelekeo wa matairi.

Nikalipeleka kufanya alaimenti. Kijana wa pale hakuguna wala kusikitika. Kabla ya kugusa chochote alichukua geji akapima upepo. Kushoto mbele 32. Kulia mbele 14.

"Hili linavuja polepole," akasema, akatoa msumari mdogo ambao hata picha ya ukutani usingeishika. Akaziba, akajaza. Gari likainua bega la kulia mbele ya macho yangu, taratibu, kama mzee anayeamka kwenye mkeka. Kisha akapima, na yeye hakupima kutoka chini, alipima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa bodi, kwa sababu ringi haijali upepo. Kulia kulikuwa juu kuliko kushoto.

Sikumweleza mke wangu habari za msumari. Nilirudi mwarobaini, nikamwambia fundi arudishe boliti zote zilikokuwa.

"Kurudisha ndiyo kazi, bosi," akasema. "Kupandisha mtu yeyote anapandisha." Ikanigharimu zaidi ya mara ya kwanza.

Boliti zimerudi. Springi mpya za nyuma ziko pale pale, ndefu, zimelipiwa, na za zamani aliyezichukua hakumbukwi.

Jumapili iliyofuata nilikuwa barazani. Jirani akatoka na mswaki wake, akasimama, akainamisha kichwa pembeni kidogo.

"Mzee," akasema, "mbona siku hizi limeinama mbele?"