Twiga Ukutani

Mjomba wa watoto hajawahi kuja kwetu mikono mitupu, na hajawahi kuleta kitu kisichoniachia kazi. Mwaka juzi ilikuwa filimbi. Likizo ya Juni hii alishuka kwenye bodaboda akitokea Kariakoo na mfuko wa manila, brashi, gundi nyeupe, rangi za maji za chupa ndogondogo, na kopo la unga unaometameta ambao wanangu waliuita nyota hata kabla mfuniko haujafunguka.

Kabla ya kugawa, alitoa somo. Akawaeleza habari za Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyeanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968, hana turubai wala rangi za kisanii, akatumia mbao za dari na rangi za baiskeli, na leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. "Msanii hasubiri karatasi!" akahitimisha. Akamaliza chai, akaondoka. Ndivyo alivyo, huwasha moto akaenda zake.

Manila zilikwisha kabla ya chai ya saa nne, nyingi zikiwa zimegeuzwa kofia. Kitinda mimba wangu, aliyesikiliza somo kuliko wote, nilimkuta juu ya stuli anamalizia shingo ya twiga kwenye ukuta wa sebule. Twiga mwenyewe, tuseme haki, alikuwa mzuri. Madoa yamepigwa kwa kidole gumba, macho yote mawili upande mmoja, na kope ndefu kama za shangazi yake siku ya harusi.

"Usihangaike," akasema mama yao, "chupani wameandika inafulika."

Kufulika, inafulika. Sare ya shule ilitakata kwa maji na sabuni ya mche. Ila waliotengeneza ile chupa hawajawahi kuishi nyumba ya kupanga, ambayo fundi ameipaka koti moja tu la rangi ya maji, na maji yenyewe yakiwa mengi kuliko rangi. Nikalowesha kitambaa, nikasugua. Twiga akatoka. Rangi ya ukuta nayo ikatoka, ikifuata mkono wangu, nao mkono ulikuwa unamfuata twiga. Ukuta ulipokauka, akasimama pale twiga wa saruji, wa kijivu, mrefu kuliko wa kwanza, na huyu hafuliki.

Hodi ikapigwa.

Mwenye nyumba wetu huja kila miezi sita kufuata kodi yake. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, akitoka kwetu anapitiliza msikitini. Tulisukuma kochi likafunika miguu na tumbo. Shingoni mama yao akatundika kalenda. Kichwa kikabaki kinachungulia juu ya Januari.

"Shikamoo mzee, karibu, karibu ukae."

Akakaa. Hakuna aliyekumbuka kwamba lile kochi ndilo lilikuwa karakana ya nyota.

Ule unga ni vipande vya plastiki vidogo mno, na vikishagusa nguo havina habari ya kurudi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuza ule wa plastiki wa kunyunyiza tangu Oktoba 2023, kwa ajili ya mazingira. Mimi naamini kwenye kikao chao alikuwemo pia mpangaji.

Mzee akahesabu fedha, akarudia kuhesabu, akainua macho. Wakatazamana na twiga.

"Hii kalenda mmeitundika chini sana," akasema, akaaga.

Alipogeuka mlangoni, mgongo wote kuanzia mabegani hadi nyuma ya magoti ulikuwa unawaka dhahabu na waridi. Nikafungua mdomo, mama yao akanifinya. Ukimwambia mtu mzima ana nyota makalioni, utamweleza na zilikotoka, na maelezo yenyewe yako ukutani.

Jioni simu ikaita. Mke wa mwenye nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba Neema, mzee leo alifika kwenu?"

"Alifika, mama."

"Kwenu kulikuwa na harusi?"

"Hapana, mama."

"Taarabu?"

"Hapana."

Kimya. Kisha, polepole: "Basi ni mwanamke gani huyo anayejipaka vile mchana wa Ijumaa?"

Kabla sijapata jibu, kitinda mimba alishanipokonya simu.

"Bibi, ni mimi! Babu amekalia nyota zangu akaondoka nazo. Mwambie azirudishe."