Dania ya Roshani

Kwa mama mboga wa Mombasa, dania ni nyongeza. Unanunua nyanya na vitunguu, unasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, na yeye mwenyewe anachomoa vijiti viwili vitatu anakutilia juu ya mzigo. Ukiamua kununua hasa, fungu ni shilingi 10. Kwa hivyo mtu akikwambia anapanda dania yake mwenyewe, tena kwenye roshani ya ghorofani, tena kwa maji ya mitungi yanayoletwa na mkokoteni, usimuulize faida. Mjulie hali tu.

Mimi nilikuwa na hoja yangu. Dania ya kununua asubuhi, jua la adhuhuri likiikuta, imelegea kabla kachumbari haijakatwa, na pilau ya Ijumaa haina subira na mtu. Nikajaza udongo na samadi kwenye beseni lililopasuka, nikachukua dania kavu ya jikoni, ile ile ya kusaga bizari. Ikiwa nzima na haijakaangwa, inaota.

Bibi wa nyumba ya chini, ambaye hajawahi kukosa rai juu ya jambo lolote, alinikuta naanza kumwaga.

"Hebu ngoja, mwanangu. Hizo hazitupwi hivyo kama chakula cha kuku."

Akazitandaza juu ya gazeti, akavua champali, akazisugua kwa soli polepole, huku akinisomea makosa ya vijana wa siku hizi. Kila punje ikapasuka vipande viwili, kila kipande kimebonyea ndani kama kikombe. Alikuwa na haki: ile punje ya mviringo ina mbegu mbili ndani yake. Tukazilaza kwenye maji usiku kucha, tukazifukia kina cha sentimita moja hivi. Hadi leo bibi anaamini kilichozitoa ardhini ni champali yake.

Dania huchukua wiki moja hadi mbili kuchomoza, na ikichomoza haifanani na dania hata kidogo. Majani yake mawili ya kwanza ni marefu, membamba, hayana meno pembeni. Ukipita mbio utasema ni nyasi. Mpwa wangu, aliyekuja likizo na kuambiwa na mamake asikae bure kwa watu, alipita mbio.

"Mjomba, nimekusafishia beseni! Lilikuwa limejaa magugu."

Alisema kwa furaha hata nikakosa pa kuanzia. Nikampa pesa ya mabuyu.

Awamu ya pili ilisalimika. Yakaja majani ya kweli, yale ya duara yenye meno, ukiyagusa mkono wanukia hadi jioni. Hapo ndipo jengo zima likagundua kwamba ni majirani zangu. Mtu ambaye hatujasalimiana tangu ahamie alipiga hodi akiniita shemeji, bakuli mkononi, anataka "jani moja tu la mchuzi". Nikamwelekeza kwa adabu: chuma yale ya nje, kata bua karibu na udongo, kile kichipukizi cha katikati kiache, kitatoa mengine. Akaitikia vizuri sana. Nilipogeuka kuchukua mkasi, alikwisha ng'oa shina zima na udongo wake.

"Shemeji, ile ya sokoni si huwa na mizizi? Ndiyo yaonyesha ni mbichi."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Kesho yake aliniletea kibakuli cha mchuzi wa samaki, na ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililozidi kuniudhi.

Kilichobaki kilimalizwa na kaskazi. Joto la Februari likiishika dania, haitaki tena habari ya majani. Inarusha bua refu katikati, majani mapya yanatoka membamba kama nyuzi, ladha inapotea, na yanafuata maua meupe. Kulikata bua hakusaidii, inarusha jingine. Mke wangu alitoka na kisu kutafuta majani ya kachumbari, akatazama beseni, akatazama nyuki, akanitazama mimi. "Haya, maua tumepata," akasema, akamtuma mtoto kwa mama mboga.

Basi nawe ukishikwa na hamu hii na unaishi pwani, ngoja Juni hadi Agosti, joto likipungua. Weka beseni panapopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Panda hapo hapo itakapokulia, maana mzizi wake haupendi kuhamishwa. Kila wiki mbili tatu mwaga mbegu nyingine kidogo, usingoje ya kwanza iishe. Na mlango wa roshani utie kufuli.