Sifa Zake Alama ya Asilimia

Wengi wamesifiwa katika ufundi wa kompyuta, lakini mtumishi huyu hajapata hata shairi: kiolezo cha maandishi kinachosomwa programu ikiwa imekwisha kuwashwa. Amedhulumiwa.

Itazame printf ya lugha ya C, iliyolelewa Bell Labs miaka ya 1970. Unaipa kiolezo chenye %d (pa namba) na %s (pa maneno), kisha unaipa vitu vya kujazia. Umeahidi vitatu ukaleta kimoja? Haikuumbui mbele za watu. Vilivyopungua inajichotea yenyewe kwenye rejista na steki, chochote itakachokikuta, na kukichapa kwa hati safi. Umesema %s ukaleta namba 7? Itaichukua 7 kuwa anwani, iende huko kwenye kumbukumbu kutafuta maneno, na ikifia njiani haitakutaja. Adabu hiyo siku hizi utaipata wapi?

Na ukarimu wake! Kuandika printf("%s", jina) ni tabia ya mabahili wanaowashuku wageni. Mkarimu huandika printf(jina), basi, na yeyote aliyejiita %x%x%x anafunguliwa steki ajisomee. Akitaka kuacha alama yake, ipo %n, ambayo haichapishi kitu: inaandika ndani ya kumbukumbu idadi ya herufi zilizokwisha kutoka. Chombo cha kuchapishia kinachoandika ndani ya programu yenyewe! Mwaka 2000 wadukuzi waliionja fadhila hiyo kwenye wu-ftpd, seva ya mafaili iliyotokea Chuo Kikuu cha Washington kule St. Louis, wakajitwalia mamlaka yote ya mashine. Mwaka 2021 iPhone iliyojiunga na mtandao ulioitwa %p%s%s%s%s%n ilikuwa ikipoteza Wi-Fi, na kuizima na kuiwasha hakukusaidia kitu. Jina tu hilo, jamani.

Wenye wivu hawakukosekana. Kompaila zikaanza kunung'unika. Android ikaipiga marufuku %n. Makro println! ya lugha ya Rust haikubali kiolezo kisichoandikwa papo hapo ndani ya msimbo, na std::format ya C++ ya 2020 hukikagua kabla programu haijazaliwa. Anayetaka cha kuletwa baadaye anaelekezwa mlango wa uani, kwa vformat.

Lakini waulizeni wafasiri wa programu. Kiingereza hutanguliza idadi, Kiswahili hutanguliza kitu, kwa hiyo %d %s ya kwao kwetu inageuka kuwa %2$s %1$d. Sentensi hiyo haikai ndani ya msimbo. Inakaa kwenye faili la tafsiri, na maktaba ya gettext huichukua programu ikiwa kazini. Hapo hata wenye wivu hulazimika kumwita mtumishi wetu. Na mfasiri akighafilika akaandika %s palipotakiwa %d, mkaguzi naye akisinzia, programu itaanguka kwa watumiaji wa Kiswahili peke yao. London wataendelea kuchapisha bila kujua kitu.